Ubishi Wetu Kuhusu Umbo la Ulimwengu

Mwezi uliopita walikuja kwangu Nyarero wapimaji wawili wapya, binti na kijana mwenzake, wakitafuta nguzo ya zege niliyoijenga juu ya kilima nikiwa na umri wao. Nikawapeleka. Magoti yangu hayapendi tena kupanda, lakini siku hizi nikipata mtu wa kutembea naye simwachi aende bila mimi. Wakasimamisha chombo chao, kile cheupe kinachofanana na uyoga, wakakaa nacho nusu saa wakitazama simu zao, kisha wakasema tayari.

Binti akaniuliza, "Babu, ninyi mlikaa hapa muda gani?"

"Siku kumi na tisa."

Wakacheka, nami nikacheka. Nilitaka kuwaeleza siku hizo kumi na tisa zilikwenda wapi, lakini bodaboda aliyewaleta alikuwa anapiga honi huko chini. Wakanishukuru, wakashuka. Mimi nilibaki juu kwa muda, maana hakuna kilichokuwa kinaniharakisha kurudi nyumbani.

Basi nawaandikia ninyi nyote mnaoanza kazi hii ya kupima ardhi. Jina langu ni Chacha. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, Tarime na Serengeti, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekaa juu ya vilima nikingoja mtu wa kilima kingine.

Enzi zetu chombo kilikuwa tiodolaiti, yaani darubini ndogo juu ya miguu mitatu, inayosoma pembe. Miguu hiyo lazima ikanyage ardhi ngumu. Udongo mweusi unazama bila kukuaga: asubuhi umeweka kiputo cha pimamaji katikati, saa mbili baadaye kimekimbilia pembeni, na pembe zote ulizosoma ni za kutupa. Halafu kuna mwavuli. Mwavuli ni wa chombo, si wako, kwa sababu jua likikipiga upande mmoja chuma kinatanuka na kusema uongo. Mimi nimeungua shingo miaka yote nikikishikia chuma kivuli. Tena usipime mchana. Ikifika saa nne hewa inachemka, nguzo ya mbali inacheza kama unaiona kupitia moshi wa jikoni. Unapima asubuhi jua likishachomoza, unapima tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya hapo unakaa. Chuoni hakuna aliyetufundisha namna ya kukaa.

Darubini zile za zamani zilikuwa zinageuza picha kichwa chini. Sisi tulizoea, hata tukasahau. Siku moja upande wa Gorong'a mzee mmoja alikuja kuniangalia, akaomba achungulie. Nikamwelekezea ng'ombe wake mwenyewe waliokuwa wanakula majani bondeni. Akachungulia, akaruka nyuma.

"Wewe mura, kijana wewe! Umewafanya nini ng'ombe wangu?"

"Sijawafanya kitu, mzee."

"Wanatembea miguu juu! Wageuze. Wageuze sasa hivi, kuna mmoja ana mimba!"

Ilibidi niondoe chombo kwenye miguu yake, nikifunge ndani ya sanduku mbele ya macho yake, ndipo akatazama bondeni kwa mkono juu ya paji la uso na kukubali kwamba wamesimama vizuri. Siku tatu baadaye aliniletea maziwa ya mgando, lakini hakukaribia tena ile darubini.

Sasa niwaeleze kuhusu Ogola. Yeye alikuwa mkubwa wangu kazini, amenizidi miaka kama minane, Mjaluo mrefu mwenye kwao upande wa Kenya, si mbali na mpaka. Mkewe alifariki akijifungua, na mtoto wa kike aliyezaliwa, Akinyi, alikuwa analelewa na mama yake Ogola huko ng'ambo. Ogola alikuwa anavuka kwenda kumwona mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote alikuwa juu ya kilima, kama mimi.

Tulikuwa tunapima pembetatu kubwa. Vilima vitatu, mtu kwenye kilima hiki, mtu kwenye kile, kilomita thelathini au arobaini kati yao. Kwa umbali huo nguzo huioni, kwa hiyo mwenzako anakumulikia jua kwa kioo, na wewe unaona nukta moja nyeupe inayowaka. Unapima pembe kwenye nukta hiyo. Ukimaliza na wewe unamulika mara tatu, maana yake nimekupata. Yaani mimi na Ogola tulifanya kazi pamoja miaka saba, na katika miaka hiyo saba mara nyingi alikuwa kwangu nukta.

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya ujinga. Kila mtoto wa shule anajua kwamba ukijumlisha pembe tatu za pembetatu unapata nyuzi mia na themanini. Zangu zilikuwa hazifiki hapo sawasawa. Mara zimezidi kidogo, mara zimepungua, sekunde tatu, sekunde tano. Msishtuke na hiyo sekunde, si ya saa. Nyuzi moja inagawanywa dakika sitini, na dakika moja sekunde sitini. Ni kitu kidogo sana. Nikaona aibu, nikachukua kifutio. Nikazirekebisha kidogo kidogo mpaka pembetatu tatu zote zikafunga kwa mia na themanini kamili, bila hata sekunde moja ya ziada. Nikampelekea Ogola daftari nikiwa na kifua mbele.

Akalisoma polepole. Akanitazama.

"Chacha, hizi umezipima wewe?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Zimefunga vizuri mno."

"Nilikuwa makini."

"Hapana. Ungekuwa makini zingezidi." Akachukua chungwa lililokuwa mezani, akalichora pembetatu kwa kalamu ya wino. "Dunia ni mviringo. Wewe ukisimama Nyarero umesimama wima, mimi nikisimama Serengeti nimesimama wima, lakini wima wangu na wako haviendi sambamba. Kila mmoja anapima pembe kwa wima wake. Tukizijumlisha lazima zizidi. Kwa pembetatu kubwa kama hii, sekunde mbili na nusu hivi. Wewe umeinyoosha dunia kwa kifutio."

Akanirudisha vilimani nikapime upya zote tatu, majuma saba. Hakuniripoti kwa mtu. Lakini jambo lile lilinikaa kichwani kwa namna ambayo hakuikusudia. Nilishangaa kwamba hatukuhitaji kupaa angani kuona kwamba dunia imepinda. Ilitosha kubaki juu yake, kupima pembe tatu, na kutodanganya.

Nilipomwambia hivyo, alicheka, akasema, "Sasa umeanza. Jiulize hili. Kama dunia inaweza kupimwa hivyo kutoka ndani yake, je, ulimwengu wote? Nyota, na nafasi yenyewe iliyo katikati ya nyota? Mtu akiweka pembetatu kubwa vya kutosha huko, pembe zitajumlisha ngapi?"

Alikuwa amesoma vitabu, vingine vya ndugu zake wa Nairobi. Alinieleza kwamba nafasi inaweza kuwa na moja ya maumbo matatu. Inaweza kupinda kama mgongo wa kibuyu. Pembetatu ya huko inazidi mia na themanini, na anayekwenda mbele bila kugeuka atarudi alikotoka. Inaweza kupinda kama pale njia inapopita katikati ya vilima viwili, mbele na nyuma ardhi inashuka, kushoto na kulia inapanda; huko pembetatu inapungua. Au inaweza kuwa tambarare, kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa chini ikauke. Huko ni mia na themanini kamili, na unakwenda tu, hakuna mwisho.

Nilirudi nyumbani nikachora pembetatu kwa mkaa kwenye kibuyu cha maziwa cha mke wangu Bhoke. Alinikuta nimepiga magoti nimeshika uzi na kipima pembe cha shule.

"Ndiyo kazi wanayokufundisha huko?" akaniuliza.

"Napima umbo la ulimwengu."

"Pima, halafu uuoshe huo ulimwengu wako."

Ogola aliamini ulimwengu ni kama kibuyu. Mimi nilishikilia kwamba ni tambarare. Sikuwa na sababu, nilikuwa kijana tu na nilitaka kuwa upande mwingine. Tulibishana miaka saba. Tukikutana kambini tunabishana. Tukiwa vilimani, kibarua akishuka kupeleka daftari, ukingoni mwa ukurasa kuna neno. "Kibuyu bado," anaandika. Mimi naandika, "Ngozi." Mabosi wa mkoani waliwahi kuuliza hayo maneno ni alama gani za upimaji. Ogola akawajibu kwamba ni majina ya vilima.

Msiombe mkae vilimani bila mtu wa kubishana naye. Mimi nimejaribu baadaye.

Kazi yetu ya mwisho pamoja ilikuwa pembetatu kubwa kuliko zote. Mimi kilima kimoja cha Gorong'a, Ogola ng'ambo ya mto Mara, wilaya ya Serengeti, na kwenye kilima cha Nyarero, ambako pembe nilikuwa nimeshaipima, tuliweka mlinzi wa kioo. Kabla hatujaachana tulikula pamoja Tarime mjini, kwenye hoteli ndogo pale Bomani. Tukaanza ubishi wetu kama kawaida. Sijui nilikuwa nimeamka vipi siku ile. Ogola alisema anapenda kufikiri kwamba mtu akiondoka moja kwa moja, akaenda, akaenda, mwishowe atatokea nyuma ya nyumba yake. Nikamwambia:

"Wewe unataka ulimwengu uwe duara kwa sababu mkeo amekufa. Hiyo si hesabu."

Alimaliza chai yake, akaenda kunawa, akachukua sanduku la chombo chake na kupanda gari. Nilidhani atanitupia neno dirishani. Hakutupa.

Siku tatu za kwanza kioo chake kiliwaka kama kawaida, nikapima, nikamulika mara tatu, akanijibu mara tatu. Daftari halikuja na neno ukingoni. Siku ya nne asubuhi, hakuna mwanga. Hakukuwa na wingu. Nilingoja mpaka hewa ilipoanza kuchemka, nikangoja tena jioni. Nikasema, ananinunia.

Siku ya tano mwanga ulionekana, lakini haukutulia. Ulipita kama umeme, ukapotea, ukapita tena baada ya robo saa, ukapotea. Kwa miaka yote saba Ogola hakuwahi kumulika ovyo. Nilichukua daftari nikaandika, "Mwanga hautulii." Ninalo mpaka leo. Nilikasirika. Niliona anafanya makusudi ili nisifunge pembetatu yangu. Kibarua wangu aliniambia, "Bosi, twende tukaone." Nikamwambia yeye apike.

Nilikaa siku mbili na nusu. Nawaomba mlielewe hilo vizuri: si kwamba sikujua la kufanya. Nilijua njia. Nilikaa kwa sababu nilikuwa ninasubiri aanze yeye.

Siku ya sita mchana nilishuka. Nilipata lori la mahindi lililokuwa linakwenda Mugumu, tukavuka daraja, likanishusha njiani, nikapanda kilima chake kwa miguu. Hema lilikuwa wazi. Ogola alikuwa amelala kitandani amejifunika mablanketi yote na bado anatetemeka, macho yako wazi lakini hayanioni. Malaria ilikuwa imempanda kichwani. Kibarua wake, mtu mzima aitwaye Nyamhanga, alikuwa ameondoka alfajiri kutafuta gari, akarudi nalo alasiri ile ile. Tukambeba. Nilimshika kichwa kwenye mapaja yangu mpaka hospitali, na barabara ya siku hizo mnaisikia tu. Karibu na mji alisema kitu kwa Kijaluo. Sikukielewa.

Alifariki baada ya siku mbili. Daktari hakusema kama siku mbili na nusu zangu zingemwokoa. Sikumuuliza.

Nyamhanga ndiye aliyenieleza kuhusu ule mwanga. Ogola aliposhindwa kusimama, Nyamhanga alichukua kioo akawa anakizungusha kutwa nzima kuelekea Gorong'a, ingawa hakujua namna ya kukilenga. Alisema, "Nilijua uko huko. Nilisema lazima ataona."

Ndugu walikuja kuchukua mwili wakavuka nao. Mimi sikwenda kuzika. Niliwaambia ofisini kwamba kazi lazima iishe kabla ya mvua. Nikapanda kilima cha Ogola, nikamalizia pembe yake kwa chombo chake, nikajumlisha. Ilizidi kwa kiasi kilekile dunia inachotaka, kasoro nusu sekunde. Ni pembetatu bora kuliko zote nilizowahi kufunga. Wakuu walinipongeza. Ukingoni mwa ukurasa sikuandika kitu.

Baadaye kazi ilibadilika. Vikaja vyombo vinavyopima umbali kwa mwanga wa vyenyewe, halafu vikaja hivi vya setilaiti mlivyo navyo. Ni vizuri, sivisemi vibaya. Mtu mmoja anasimama mahali pake, anapata jibu, anaondoka. Hahitaji mtu upande wa pili. Mimi nilifurahia hilo kuliko wenzangu, maana sikutaka tena mtu upande wa pili. Nilipangiwa vijana wazuri, nikawafundisha kuweka miguu mitatu na kushika mwavuli, na wakati wa chakula nilikuwa nakaa upande wangu. Walidhani mimi ni mkali.

Bhoke amefariki mwaka wa nne sasa. Watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, wanapiga simu Jumapili.

Ilikuwa Jumapili hivyo, mchana, baada ya simu zao, nimekaa barazani na redio. Wakawa wanamhoji mtaalamu wa nyota. Akaeleza kwamba kuna nuru ya kale kuliko zote, iliyobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye moto, na kwamba inatufikia kutoka kila upande. Nuru hiyo ina mabaka, mahali palipozidi joto kidogo na mahali palipopungua. Wanajua kwa hesabu baka lilikuwa na upana gani. Wanajua nuru imesafiri umbali gani. Basi wanapima pembe.

Nilisimama. Ndugu zangu, ile ni kazi yetu! Kitako cha pembetatu kinajulikana, urefu wa mikono unajulikana, unasoma pembe ya juu. Ulimwengu ungekuwa kibuyu, mabaka yangeonekana makubwa kuliko inavyotakiwa. Ungekuwa kama njia kati ya vilima, yangeonekana madogo. Yule mtaalamu akasema yanaonekana karibu nyuzi moja, mara mbili ya upana wa mwezi, kama inavyotakiwa kwa nafasi tambarare. Hakusema tambarare kabisa. Alisema tambarare kwa kadiri vyombo vinavyoweza kuona, na kama kuna kupinda, ni kudogo kuliko kosa la chombo. Nikampenda kwa neno hilo. Huyo hakutumia kifutio.

Nikapiga kofi, nikasema kwa sauti, "Ngozi! Nimekushinda!"

Kuku wakakimbia. Nikageuka kabisa, kama mtu aliye na mwenzake kwenye kiti cha pili. Kiti kilikuwa na kanga ya Bhoke niliyoianika asubuhi. Nilikaa, nikazima redio. Nilikuwa nimeshinda ubishi wa miaka saba, na Tarime nzima hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Siku ya Alhamisi nilipanda bodaboda mpaka Sirari. Sokoni pale mpakani kila muuzaji ana ndugu upande wa pili, kwa hiyo nilianza kumuulizia Akinyi kwa jina la ukoo wa Ogola. Mama mmoja wa dagaa akanijibu, "Akinyi? Si ni mwalimu wa hesabu." Akapiga simu palepale. Nikavuka.

Nyumba ilikuwa na bati jekundu na shamba la mahindi nyuma. Aliyenifungulia alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, miwani kwenye nywele.

"Shikamoo, mzee," akasema, kwa Kiswahili chao cha upande ule. "Karibu, si uketi. Nimeambiwa umetoka Tarime. Sasa wewe ndiwe nani?"

"Naitwa Chacha. Nilifanya kazi na baba yako."

Akaniwekea chai. Nikaona nianze na lile lililo rahisi. Nikamweleza ubishi wetu, kibuyu na ngozi, na habari niliyoisikia redioni. "Kwa hiyo," nikamwambia, "ulimwengu ni tambarare. Hauna mwisho, na anayeondoka harudi. Nilimshinda baba yako. Nilitaka mtu wa kwao ajue."

Akinyi alicheka kwa mara ya kwanza, na mdomo ulikuwa wa Ogola.

"Mzee, hapo umeruka hatua."

Akachomoa karatasi kwenye daftari la mwanafunzi, akachora pembetatu kwa rula, akanipa kipima pembe nizisome. Mia na themanini. Kisha akaikunja karatasi ikawa kama bomba, akaishika ukingo kwa ukingo.

"Pembe zimebadilika?"

"Hapana. Karatasi haikuvutika popote."

"Kwa hivyo kwa mtu ako ndani ya hiyo karatasi, bado ni tambarare. Sasa siafu akitembea hivi, mbele tu, bila kugeuka?"

Nikafuata kidole chake kikizunguka bomba. "Atarudi alipoanzia."

"Ndiyo hivyo. Nafasi inaweza kuwa tambarare na bado ijifunge. Kupima pembe hakuwezi kukuambia. Wametafuta alama za kujifunga huko angani, hawajaona. Lakini pia hawajasema haiko. Kama imejifunga mbali kuliko vile tunaweza kuona, hatutajua."

"Basi nani alishinda?"

"Hakuna. Mngeendelea tu kubishana."

Nilitazama ile karatasi mpaka chai ikapoa. Miaka yote nilidhani nimebaki na jibu angalau, na sasa hata hilo halikuwa langu. Ndipo nikamwambia lililonileta kweli. Nilimwambia neno nililolisema hotelini kuhusu mama yake. Nilimwambia habari ya kioo, siku mbili na nusu, kibarua aliyeniambia twende. Sikupunguza kitu. Nilisema kila kitu nikitazama meza.

Akinyi alivua miwani.

"Hiyo ya siku mbili tuliijua," akasema. "Nyamhanga alisindikiza mwili, alituambia kwa matanga. Nilikuwa mtoto lakini nilisikia wakubwa wakiongea."

"Mlinilaani."

"Wengine walikasirika, ndiyo. Nyanya aliyenilea alikataa. Alisema malaria inaua hata mtu akiwa kwake kitandani." Akaiweka miwani mezani. "Lakini alikungoja, mzee. Alisema yule rafiki ya Ogola atakuja tu. Kwa sababu hapa hakuna mtu alijua baba alikuwa anafanya kazi gani. Tulijua anapanda milima, anaangalia kioo. Mtu akiuliza mtoto wako alikuwa nani, nyanya alikuwa anakosa la kusema. Alitaka tu mtu amweleze vile alikuwa kazini. Kila gari ikisimama barabarani, anatoka."

"Alingoja mpaka lini?"

"Mpaka akaacha kutoka nje. Hiyo ni miaka mingi, mimi nilikuwa nimeshaanza kufundisha."

Vijana, mtafanya makosa, na mengi yana dawa. Pembe mbovu inapimwa upya. Mimi nilikuwa nimebeba zile siku mbili na nusu miaka yote nikidhani ndizo deni langu kwa watu wale, kumbe wao walikuwa wameshaziweka chini. Walichokuwa wanakingoja kilikuwa mazungumzo ya alasiri moja, na njia ya kwenda kwao ningeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mwenzako akinyamaza, shuka uende. Akifa, nenda kwao ukawaambie alikuwa mtu gani.

Akinyi aliniomba nimweleze yeye. Nikamweleza namna baba yake alivyokuwa anakanyagia miguu mitatu kwa kisigino cha kushoto, alivyoimba kwa sauti mbaya akijumlisha, chungwa, majuma saba ya kunirudisha vilimani, mabosi na majina ya vilima. Alikuwa anaandika. Mara mbili aliacha kalamu.

Jua lilipopoa alinipeleka nyuma ya mahindi. Makaburi yalikuwa mawili, yamesakafiwa, la Ogola na la mama yake aliyeningoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa la Ogola, lakini miguu ilikwenda kwenye lile lingine. Nikavua kofia.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi ndiye Chacha."

Akinyi alirudi nyumbani, akaniacha hapo. Nikaketi chini, nikaanza kumweleza mama yule kuhusu mwanawe, tangu mwanzo.